Deni Si Sadaka

Sisi tunaowaandikia ni jamaa tatu za Kongo, moja ya Bukavu na mbili za Uvira. Vita vilitutoa kwetu, tukakaa kambini miaka mingi, na mwaka 2014 tukapokewa Marekani, katika mji mdogo wenye kiwanda cha nyama. Leo hatutaki kuwasimulia taabu zetu wenyewe. Tunataka kuwasimulia habari za mzee mmoja jirani yetu, na jambo alilotufundisha, maana tunaona litawafaa hata ninyi mlio nyumbani.

Mzee huyo tulimwona mara ya kwanza kanisani. Alikaa benchi la nyuma, na mikono yake ilitetemeka daima. Alipofungua kitabu cha nyimbo, kurasa zilipigapiga kama majani ya mgomba wakati wa upepo. Nasi tulisema nini? Tulisema kwa Kiswahili, tukijua hasikii lugha yetu: «Huyu ni mlevi.» Tunaona haya kuandika neno hilo, lakini ndivyo tulivyosema. Kumbe, mzee yule hakuwa ameonja hata bia moja tangu miaka mingi! Alikuwa na ugonjwa ambao madaktari huuita Parkinson. Ugonjwa huu huharibu ubongo polepole: mikono hutetemeka, miguu huwa mizito, sauti hupungua, na mwisho mtu hushindwa hata kufunga kifungo cha shati lake.

Mke wake, mama mpole sana, ndiye aliyetufungulia mlango wa urafiki. Alitusaidia kusoma barua zetu za serikali, nasi tukamwondolea theluji mbele ya nyumba. Watoto wetu wakamwita mumewe Babu. Siku moja mama yule akatuonyesha sanduku la viatu. Ndani hamkuwa na viatu, bali karatasi zimejaa hata kifuniko hakifungi. «Hii ndiyo dosie ya mume wangu», akasema. «Tumekwisha kuandika miaka minne, na kila mara jibu ni hapana.»

Dosie ya nini? Ili mfahamu vizuri, lazima tuwaeleze kwanza habari za vita vya Vietnam.

Katika vita vile maaskari wa Marekani walipigana na adui aliyejificha porini. Wakubwa wa vita wakafanya shauri: tuyaue majani, adui aonekane, tuharibu na mashamba yanayomlisha. Basi, tangu mwaka 1962 hata 1971, ndege zilimwaga dawa ya kuua majani, zaidi ya lita milioni 70, juu ya misitu, mikoko ya pwani na mashamba ya watu. Dawa hizo zilikuwa za namna nyingi, na kila namna ilijulikana kwa mstari wa rangi uliopakwa pipa lake. Ile iliyomwagwa kuzidi zote ilikuwa na mstari wa rangi ya machungwa, ndiyo sababu ikaitwa Agent Orange. Ndani yake mlikuwa na sumu ambayo hakuna aliyeiagiza. Ilizaliwa yenyewe kiwandani wakati wa kutengeneza dawa. Jina lake ni dioksini. Sumu hii haiangushi mtu mara moja. Inakaa udongoni na katika matope ya mito, inaingia katika samaki, na ikiisha kuingia mwilini mwa mtu inakaa katika mafuta yake miaka na miaka.

Kwa hiyo askari alirudi kwao mzima. Alioa, akafanya kazi, akazaa watoto. Kisha, baada ya miaka kumi, ishirini au arobaini, ugonjwa ukabisha hodi. Jeraha la risasi lina tarehe yake, na kila mtu huliona. Jeraha la sumu halina tarehe wala kovu. Nani atalishuhudia?

Sheria ya Marekani yasema kwamba askari aliyeumia katika kazi yake ana haki ya kulipwa kila mwezi. Ulemavu wake hupimwa kwa sehemu za mia. Mwaka 2024, aliyehesabiwa 10 kwa 100 alilipwa dola 171 kwa mwezi. Aliyehesabiwa 100 kwa 100, asiye na mke wala mtoto, alilipwa dola 3737. Lakini kwa desturi ya sheria hiyo lazima aonyeshe mambo matatu. Kwanza, kwamba ni mgonjwa leo. Pili, kwamba alipokuwa askari alipatwa na jambo fulani. Tatu, kwamba jambo lile ndilo lililoleta ugonjwa huu. La kwanza ni kazi ya daktari. La pili ni gumu. Na la tatu, kwa mtu aliyeguswa na sumu zamani sana bila kujua, ni kama kumwambia aonyeshe alama za miguu yake mtoni.

Maaskari wa Vietnam walipigwa na ukuta huo miaka mingi. Mwaka 1977 mama mmoja, Maude deVictor, aliyefanya kazi katika biro ya serikali ya maaskari wa zamani mjini Chicago, aliona kwamba wengi waliotoka Vietnam wana magonjwa yanayofanana. Akaanza kuwaandika. Mwaka 1978 televisheni ya mji ule ikatangaza habari hiyo, na watu wakashtuka. Mwaka ule ule akafa kwa kansa kijana Paul Reutershan, mwenye miaka 28, aliyekuwa askari wa helikopta huko Vietnam. Kabla ya kufa alikuwa ameanzisha mashtaka juu ya makampuni yaliyotengeneza dawa. Mwaka 1984 makampuni hayo yalikubali kutoa dola milioni 180 ili kesi iishe. Hesabu hiyo yaonekana kubwa, sivyo? Lakini waliolipwa walikuwa watu 52 000 hivi, maaskari au jamaa zao waliobaki, na kila mmoja alipata kwa wastani dola 3800 hivi. Kwa mtu mwenye kansa, feza hizo ni tone la maji.

Tena kulikuwa na mkubwa mmoja wa jeshi la bahari, Admiral Elmo Zumwalt. Alikuwa mkuu wa meli za vita huko Vietnam tangu 1968 hata 1970. Yeye mwenyewe aliamuru dawa imwagwe kando ya mito, ili adui asiwavizie mabaharia wake. Mwanawe, mwenye jina lilo hilo, alikuwa mkubwa wa mashua katika mito ile ile. Mwana akapatwa na kansa, akafa mwaka 1988, mwenye miaka 42. Baba alisema kwamba amri ile iliokoa vijana wengi, na kwamba angeitoa tena. Walakini aliamini kwamba ndiyo iliyomwua mwanawe. Alifanya nini basi? Hakunyamaza. Mwaka 1990 alipeleka kwa serikali maandiko yaliyoonyesha kwamba magonjwa mengi yaweza kutoka katika dawa hiyo, akataka maaskari walipwe.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Februari 1991, sheria mpya ikatiwa sahihi. Sheria hiyo iligeuza mzigo. Ilisema hivi: askari aliyekuwa Vietnam katika miaka ile, serikali itamhesabu kuwa aliguswa na dawa, asitafute mashahidi. Na akiwa na ugonjwa ulioandikwa katika orodha, utahesabiwa kuwa umetoka huko. Orodha hiyo imezidi kukua. Kansa ya prostati iliingizwa mwaka 1996, ugonjwa wa sukari mwaka 2001, Parkinson mwaka 2010, kansa ya kibofu mwaka 2021, ugonjwa wa presha mwaka 2022.

Sasa mtauliza: ikiwa Parkinson iliingizwa mwaka 2010, kwa nini mzee wetu aliyeandika mwaka 2011 alikataliwa? Kwa sababu ya neno moja dogo: nchi kavu. Mzee alikuwa baharia. Mwaka 1969 meli yake ilizunguka karibu na pwani ya Vietnam, mahali mito inapomwaga matope yake, lakini yeye hakushuka. Na tangu mwaka 2002 serikali ilishika kwamba sheria ni ya wale tu waliokanyaga udongo wa Vietnam kwa miguu yao au waliosafiri katika mito yake. Mwaka 2008 mahakama ilikubali maneno hayo. Mwaka ule ule wa 2002 wataalamu wa Australia walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mitambo ya melini, inayogeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa, haiondoi dioksini, bali huikusanya katika maji yale. Mzee alikunywa maji hayo, aliyaoga, alipikiwa nayo. Lakini miguu yake haikukanyaga pwani, basi jibu lilikuwa hapana.

Tulishuhudia kwa macho yetu jinsi jibu hilo linavyomla mtu. Barua ilipofika, mama alikaa nayo mezani, kalamu mkononi, akitafuta neno lililosahauliwa. Mikono ya mzee haikuweza kuandika, kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika yote. Mara mbili alikata rufaa. Mtu mmoja akampigia simu, akaahidi kuushinda ukuta kama atapewa sehemu ya feza. Mama akamjibu: «Sheria yakataza kulipisha mtu kwa ombi la kwanza, na vyama vya maaskari wa zamani hutusaidia bure. Kwaheri, bwana.» Mwaka 2017 mama huyo akafa kwa ugonjwa wa moyo. Tulimzika siku ya baridi kali. Sanduku la viatu likabaki juu ya kabati, wala mzee hakuligusa tena.

Hapo ndipo mmoja wetu alipomwambia neno ambalo wote tulikuwa tukilifikiri: «Mzee, acha sasa. Kwetu mwanaume mzima huona haya kuombaomba. Mke wako amechoka hata amekufa. Utawaomba mpaka lini?»

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti yake ndogo: «Mimi siombi. Nilipoingia melini nilikuwa na miaka 19, na mikono yangu ilikuwa imetulia. Nadai.»

Neno hilo lilituchoma. Katika lugha yetu kuomba na kudai ni mambo mawili, na kila mtoto ajua tofauti yake. Anayeomba huinamisha kichwa, naye anayempa hushukuriwa. Anayedai huja na kichwa chake juu, na mwenye deni hutafuta feza. Tukamkumbuka babu ya mmoja wetu, aliyekuwa askari wa Force Publique. Alikwenda kwa miguu na kwa lori mpaka Abisinia, akawako mwaka 1941 Waitaliani walipoweka silaha chini kule Saïo. Alirudi na kifua kibovu. Alipozeeka akaenda kwenye biro moja kuuliza kama kuna chochote kwa askari wa zamani. Karani akamwambia alete karatasi fulani. Alipoileta, akaambiwa alete nyingine. Babu aliweka karatasi zake katika bati la biskuti chini ya kitanda. Na sisi, jamaa yake mwenyewe, tulikuwa tukimcheka: «Mzee na bati lake!» Alikufa, bati likapotea wakati wa kukimbia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza ndani yake mlikuwa na nini.

Basi tuliona tumepewa nafasi ya pili. Tulilishusha lile sanduku la viatu kutoka kabatini, na watoto wetu wanaojua Kiingereza kutushinda wakazipanga barua zote kwa tarehe. Tukamtafuta mtu wa chama cha maaskari wa zamani aliye na ruhusa ya kuwatetea.

Naye alituletea habari njema. Mwezi wa Januari 2019 mahakama iligeuza maneno yake ya zamani, katika kesi ya baharia mwenziwe aitwaye Procopio: pwani ya nchi ni sehemu ya nchi, na bahari iliyo karibu nayo pia. Tarehe 25 Juni 2019 ikatiwa sahihi sheria ya mabaharia, wakahesabiwa wote waliokuwa karibu, mpaka maili 12 za bahari kupita mpaka ulioandikwa na sheria. Tena sheria hiyo ilikuwa na fungu jema: aliyekataliwa zamani kwa sababu ya nchi kavu aweza kuandika upya, na malipo yake yatahesabiwa tangu ombi lake la kwanza. Mnaelewa, wasomaji? Zile barua za hapana, ambazo mama alizihifadhi moja moja, ndizo zilizoonyesha tangu lini deni lilianza.

Mwezi wa Januari 2020, sheria ilipoanza kazi, mzee alitia sahihi. Wawili wetu tulishika mkono wake, mmoja kifundo na mwingine kiwiko, ili kalamu isiruke. Safari za meli yake zilitafutwa katika daftari za meli zilizotunzwa na serikali, na siku zile za 1969 zikaonekana. Mwaka 2021 barua ikafika. Jibu lilikuwa ndiyo, tangu 2011.

Tulipiga vigelegele nyumbani mwake, kama kwenye arusi. Lakini mzee alishika barua ile inayotetemeka pamoja na mkono wake, akatazama kiti cha mkewe. «Aliyeandika hayupo», akasema. Tukanyamaza wote. Feza zilimpa kiti cha magurudumu, mtu wa kumhudumia mchana, na bafu lisilo na ngazi. Ni mambo makubwa. Lakini miaka ile mama aliyomnyanyua peke yake usiku, hakuna biro iwezayo kumrudishia. Hii ndiyo hasara ya deni linalocheleweshwa kwa mgonjwa: siku yaweza kulipwa yakiwa yamebaki nusu ya watu wake.

Tumwongeze neno lingine mzee huyu, ili msidhani alijifikiri mwenyewe tu. Jioni moja alituambia: «Sisi tulipita, wale walibaki.» Alikuwa akisema juu ya watu wa Vietnam. Wao walilima udongo ule na kuvua samaki katika mito ile. Walishitaki makampuni mbele ya mahakama ya Marekani. Mwaka 2005 walishindwa, na mwaka 2009 mahakama kuu ilikataa kusikia kesi yao. Marekani imetoa feza za kusafisha udongo uliokuwa na sumu nyingi kule Da Nang, kazi iliyofanyika tangu 2012 hata 2018, na mwaka 2019 kazi kama hiyo ilianzishwa Bien Hoa. Lakini ile sheria ya 1991, inayosema «tutahesabu kwamba uliguswa», haikuandikwa kwa ajili ya mkulima wa Vietnam. Mzee alisema kwamba deni lake limelipwa, lakini daftari halijafungwa. Sisi tuliotoka katika nchi ambayo vita hupita juu ya mashamba ya watu wasio na bunduki, tulimfahamu.

Tarehe 10 Agosti 2022 ikaja sheria nyingine kubwa, kwa ajili ya vijana waliokuwa Irak, Afganistani na nchi nyingine za huko. Kule makambi ya jeshi yalichoma takataka zote katika mashimo makubwa, plastiki, rangi, hata takataka za hospitali, na maaskari walilala katika moshi ule. Sheria hiyo imefanya kwao kama ile ya 1991 ilivyofanya kwa wazee: magonjwa mengi ya kifua na kansa nyingi huhesabiwa kuwa yametoka katika kazi.

Katika parokia yetu kuna kijana mmoja aliyekuwa Irak. Ana pumu iliyomshika baada ya kurudi, wala hakuandika lolote. Alisema kuna walioumia kumzidi yeye, na hataki kuwa mzigo kwa mtu. Jumapili moja mzee akatuomba tumpeleke nyumbani kwa kijana huyo. Tulikisukuma kiti chake mpaka barazani. Juu ya magoti yake alikuwa na lile sanduku la viatu, safari hii tupu. Akamwambia: «Andika leo hii hata barua fupi, ya kusema tu kwamba utadai. Tarehe yake italindwa mwaka mzima, mpaka ukusanye yaliyobaki. Usingoje kama mimi. Na kila jibu, hata likiwa baya, litie humu.» Kijana alilipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani kutafuta kalamu.

Nanyi mlio nyumbani, tunawaomba jambo moja. Kwenu kuna wazee walioumizwa na kazi: maaskari, watu wa mashimo ya madini, watu wa reli. Mkimwona mmoja wao na bati lake la karatasi, msimcheke, wala msimwambie aache kuombaomba. Kaeni naye. Zisomeni karatasi zake, zipangeni kwa tarehe, mwandikieni ikiwa mkono wake hauwezi. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini ili deni lilipwe, lazima awepo mtu wa kulishika daftari.